Fundi Sefania na Tairi la Nyuma Kulia

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Fundi Sefania Shemndolwa anastaafu rasmi baada ya kuitumikia karakana ya kituo chetu cha afya hapa Lushoto kwa miaka thelathini na minne. Ofisi iliniomba niandike wasifu wake kwa lugha ya heshima, nami nimejitahidi. Ila ikumbukwe kwamba mimi Mwanaidi, dereva wa gari la huduma za mkoba, kwetu ni Handeni, na watu wa Handeni na wa Lushoto ni watani tangu zamani. Maana yake ni mtani wake, na aliyemkabidhi mtani kalamu siku kama hii ajilaumu mwenyewe.

Fundi Sefania alizaliwa Mlola, akasoma huko hadi darasa la saba, akaenda Tanga kujifunza ufundi wa magari, kisha akaajiriwa hapa mwaka 1991 akiwa kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Picha ipo ofisini kwa wasioamini. Tangu hapo amefufua jenereta, majokofu ya chanjo, mashine ya kufulia mashuka, na magari ambayo mafundi wa Mombo walishayasomea dua. Habari hizi zote tunazijua vizuri kwa sababu amekuwa akitusimulia mwenyewe kila siku wakati wa chai.

Jambo jingine tulilolijua ni kwamba Fundi Sefania hakosei. Nati ikikatikia mkononi mwake, ilikuwa nati mbovu. Gari likigoma kuwaka, basi dereva amelitazama vibaya. Mwaka mmoja alifunga breki za pikipiki ya ofisi kinyumenyume, na mhasibu wetu, Bwana Hezekia, akaingia nayo kwenye bustani ya kabichi. Tuliambiwa kwamba Bwana Hezekia ana haraka sana na maisha.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kila mfanyakazi alinipigia simu kunikumbusha nisilisahau.

Miaka miwili iliyopita, Landikruza letu la kupanda Mlola lilikufa, na safari hiyo hata Sefania hakuweza kulifufua. Tukabaki na Noah moja inayovuta kwa tairi za mbele tu, ambayo mvua ikinyesha ilikuwa ikisalimu amri kwenye kilima cha kwanza kupita Magamba. Kule Mlola kina mama walikuwa wakitusubiri kila Jumatano na watoto wa kupimwa uzito na kuchanjwa. Sefania akaapa mbele ya watu kwamba ataifanya Noah ivute kwa tairi zote nne. Akapata Noah iliyoanguka, ya aina inayovuta kwa tairi zote nne, akaitoa giaboksi, propela shafti inayopeleka nguvu nyuma, difu inayozigawia tairi nguvu hiyo, ekseli ya nyuma na springi zake, akavihamishia kwenye yetu. Fimbo ya chuma inayoishika ekseli ya nyuma isiyumbe kushoto na kulia ilikuwa imevunjika katika ajali ile. Akafunga ya gari jingine, akasema chuma ni chuma.

Siku ya majaribio alilipeleka gari uwanja wa mpira, likiwa tupu. Alipita akiingiza kiganja kati ya kila tairi na bodi iliyo juu yake. Kiganja kilipita kote, akatangaza kwamba kazi imekwisha. Nakiri liliruka kwenye matope ya kona ya goli kwa raha kabisa, nasi tukampigia makofi.

Jumatano iliyofuata nilipakia manesi, maboksi ya chanjo na mizani, tukaondoka. Kona ya pili ya kushoto baada ya Magamba, gari likaanza kunguruma upande wa nyuma kulia, ikafuata harufu ya mpira unaoungua. Sista Klara, muuguzi kiongozi wetu, akadhani ni mimi nimewasha udi. Tuliposhuka tulikuta bodi imelichonga tairi kama mtu anayemenya kiazi. Tukarudi kwa mwendo wa jeneza, na Mlola hatukufika.

Hapo ndipo Fundi Sefania alipoonyesha upeo wa kipaji chake cha kutokosea. Kwanza lilikuwa kosa la tairi, akafunga madogo zaidi, na gari likawa linakwaruza tumbo kwenye kila jiwe. Halafu likawa kosa la barabara. Halafu akamtazama Sista Klara kwa namna ya kumpima, akauliza kama kuna ulazima wa manesi wote kukaa upande mmoja. Sista Klara ni Mlutheri mwenye subira, lakini siku hiyo subira yake ilikwenda likizo.

Mwisho akaweka vipande vya chuma juu ya springi ili kuinyanyua bodi. Gari likainua makalio juu kama panzi, propela shafti ikaanza kutetemeka, na tairi la kulia likasugua zaidi kuliko mwanzo. Akaongeza vipande vingine. Likasugua zaidi tena. Kila baada ya dawa alilirudisha uwanja wa mpira, likiwa tupu, akapitisha kiganja, akanitazama kama vile ndimi ninayesugua.

Tulicheka sana, lakini huko Mlola hapakuwa na kicheko. Kina mama walianza kuteremka Lushoto kwa miguu na watoto mgongoni, wenye nauli wakapanda bodaboda, na wengi hawakuja kabisa. Watoto wakapitwa na tarehe zao za chanjo. Kamati ya kituo ikakata shauri: gari lisipofika Mlola likiwa na mzigo wake wote kabla ya Pasaka, linauzwa, na huduma ya mkoba ya Mlola inafungwa. Sefania alisoma tangazo hilo ubaoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameacha chai yake ipoe.

Kesho yake alidai funguo. Alisema anakwenda kunifundisha kuendesha. Akashika usukani, mimi nikakaa pembeni, nyuma tukapakia manesi na magunia ya viazi. Kwenye kona ile ile likanguruma. Akasema ni tawi la mti. Mti wenyewe haukuwepo. Kona iliyofuata tairi likapasuka, na gari likasimama likiwa limepinda, tairi la nyuma kulia limezama ndani ya bodi na la kushoto linaning'inia. Sefania akaingia chini ya gari.

Alipotoka, suruali yote udongo mwekundu, aliongea polepole.

"Mwanaidi, mie nalipima uwanjani."

"Ndiyo, Fundi."

"Uwanja tambarare huku kwetu upo mmoja tu. Barabara tambarare haipo hata moja."

Juu ya barabara kulikuwa na shamba la maharage la Mzee Kassimu, limekatwa ngazi kufuata mlima kama mashamba yetu yote. Sefania akapanda kwake, akampa shikamoo, na akaomba kulitumia kama karakana. Mzee Kassimu alisikiliza, akatazama gari, akasema, "Maharage nimeshavuna. Lakini mkinibomolea ngazi, mtazijenga nyie na manesi wenu." Siku iliyofuata tairi moja la nyuma likapandishwa ngazi ya juu, la mbele la upande wa pili nalo likanyanyuliwa, gari likapinda vile vile linavyopinda kwenye kona. Ndani kulikuwa na viazi, manesi, mpishi, na Bwana Hezekia aliyeombwa kuwa mzigo na akakubali kwa kinyongo.

Kisha Sefania akaagiza ugali. Mgumu, wa sufuria kubwa. Akaubandika ndani ya bodi juu ya tairi, kwenye difu, kwenye ekzosi, kila mahali panapoweza kugusana. Tukalipandisha gari ngazi na kulishusha, kisha akaenda kutazama ni wapi ugali umebanwa. Mbwa wote wa Magamba walihudhuria zoezi hilo kwa nidhamu ya kupigiwa mfano.

Ugali wa kushoto ulikuwa salama. Wa kulia ulikuwa umesagwa, na ule wa kati ya difu na ekzosi ulikuwa mwembamba kama chapati. Sefania akapima ekseli kutoka pande zote mbili. Haikuwa katikati. Ile fimbo yake ya chuma ni chuma ilikuwa fupi kwa upana wa kidole, nayo ilikuwa ikiivuta ekseli yote kuelekea kulia. Na kadiri alivyoinyanyua bodi kwa vile vipande vyake, ndivyo fimbo ilivyozidi kuivuta. Dawa zake zote zilikuwa zikilisha ugonjwa.

Akatoa vipande vyote. Akatengeneza fimbo nyingine yenye urefu sahihi, ekseli ikarudi katikati. Akaipinda ekzosi ikwepe difu, akaugonga kwa nyundo ukingo wa ndani wa bodi, na akafunga mpira mnene unaolizuia tairi lisipande kupita kiasi. Tukarudi kwenye ngazi na ugali mpya, mzigo ule ule. Ugali ukabaki kama ulivyobandikwa. Mbwa waliupata mzima.

Jumatano kabla ya Pasaka tulipanda Mlola, Sefania akiwa amekaa nyuma kulia, juu ya tairi lake, ameinamisha sikio. Kona zote zilipita kimya. Kina mama walikuwa wamekusanyika nje ya ofisi ya kijiji, kwa sababu habari ilikuwa imetangulia, lakini nyuso zao zilikuwa za watu walioshachoka kuahidiwa. Sista Klara alitaka kuhutubia. Sefania akamtangulia, akavua kofia, akasema kwa Kishambaa, nami maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili:

"Mama zangu, lililowatesa si barabara wala si dereva. Ni fimbo niliyoifunga mimi. Mkateremka na watoto mgongoni kwa sababu ya ubishi wangu. Nilikosea. Nisameheni."

Mama Zakia, aliyembeba mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akamjibu, "Tumekusikia, baba. Haya, shusha mizani, watoto wana njaa." Fundi Sefania akashusha mizani. Mimi nikaenda nyuma ya gari kulia, kwa sababu mtani hatakiwi kuonekana akimlilia mtu aliye hai.

Fundi, tunakushukuru kwa karakana uliyoilea, kwa magari uliyoyarudisha barabarani, na kwa siku ile ulipovua kofia. Unarudi Mlola kulima viazi na kumlea mjukuu wako Emanueli. Mungu akupe afya, mvua ya kiasi, na majirani wenye masikio ya kusikiliza habari zako za jenereta. Jumatano mlete mtoto kliniki, upange foleni na kina mama kama watu wengine. Utusubiri hapo kwenye benchi. Tutafika.