Udongo Nilioumwaga Mtaroni

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Bungoma. Nimetoka Kitale leo asubuhi, na mkiona viatu vyangu vina matope, msinicheke. Matope ni ya mtaro, na mtaro ndio ushuhuda wangu.

Mimi nauza mahindi. Nyumba yangu na ghala ziko kando ya barabara, na mbele yake kaunti ilichimba mtaro wa maji ya mvua. Msimu mmoja wa mavuno lori lilishindwa kuingia. Nikamwaga udongo na mawe mtaroni, lori likapita. Kalvati ya kupitisha maji chini sikuweka. Nilisema nitaweka kesho. Nyasi zikaota juu, nami nikasahau, au nikajifanya nimesahau.

Mvua ikaja. Maji yaliingia sebuleni polepole, bila kelele. Viti vikaelea. Biblia ya marehemu mama ikazunguka juu ya maji, ikatoka kwa mlango wa jikoni kama bata. Kwa Mama Nafula, jirani yangu wa upande wa juu, ukuta wa jikoni ulilala chini. Ndugu zangu, nilikasirika! Nikaishtaki kaunti kwamba mtaro wao ni mbovu. Mama Nafula, mjane mcha Mungu, akakubali kuwa shahidi wangu.

Ndipo ndoto ikaanza. Kila nikisinzia baada ya chakula cha mchana, najiona nimekaa sebuleni, maji yamefika magotini, safi, yana uvuguvugu, wala siogopi. Marehemu mama anaingia na gambuti zake za shamba, ananiuliza taratibu, "Mwanangu, haya maji umeyafungia ya nini?" Naamka miguu imekufa ganzi. Mke wangu nilimwambia ni shibe.

Siku ya kesi niliapa kwanza, nikasema yote isipokuwa udongo. Hakuna aliyeuliza. Kisha akaitwa Mama Nafula. Akainua Biblia kwa heshima, tayari kuapa. Nje jua liliwaka, lakini nawaambia kweli, niliyasikia maji yakinizunguka miguu, na mama akiuliza tena. Huyu mjane alikuwa anaenda kumwapia Mungu kwa uongo wangu. Nikasimama.

"Mheshimiwa, mtaro niliuziba mimi."

Wakili wangu alifunika uso. Kesi ikaanguka hapo hapo. Nje Mama Nafula alinisimamisha.

"Ati ulijua, Baba Simiyu? Ukuta wangu umelala chini na wewe unajua?"

Nililia mbele ya watu, mimi na kitambi changu.

Kesho yake nilianza kuchimba. Siku ya tatu nikasikia jembe lingine upande wa pili. Ni yeye.

"Si ungesema tu mapema," akasema, "tungechimba pamoja."

Tuliweka kalvati, na ukuta wake nimeujenga upya kwa matofali. Juzi mvua ilinyesha mchana kutwa. Nilikaa sebuleni nikasikiliza maji yakipita nje, yakienda zake, mpaka nikasinzia. Mama hakuja.

Ndugu yangu, kama kuna mahali umeziba na nyasi zimeota juu, Mungu anapajua. Mwambie leo, kabla jirani yako hajaapa kwa ajili yako. Usiogope, atakushika. Mimi kesi nilishindwa, na nyumba yangu ni kavu.