Asubuhi Mama Bitiruti Alipokosa Mapigo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya presha, muuguzi tunayemwita Mama Bitiruti atastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu.

Alianza katika chumba kimoja chenye mizani mbovu. Yeye ndiye aliyeanzisha darasa la chakula la kila Jumatatu: chumvi kidogo, maharage, mboga za majani, na juisi ya bitiruti iliyompa jina. Wagonjwa walimtania kwamba hata chai yake ni nyekundu. Hakugombana na chakula wala kitunguu saumu; aligombana na mtu anayetupa dawa. "Kula vizuri na dawa umeze," aliwaambia, "hivyo viwili havina ugomvi."

Aliyemtoa jasho kuliko wote ni fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Aliacha dawa kabisa, akashika vidonge vya kitunguu saumu kwa sababu kopo lake lilichorwa moyo.

Siku moja saa tatu asubuhi, nikiwa napanga mafaili, fundi alikuwa tayari ameketi kitini, peku, futi ya kupimia nguo shingoni. Akanyoosha mkono. Mama Bitiruti akamfunga kipimo, akajaza upepo, akasikiliza. Kimya. Akahamia mkono wa pili. Kimya.

"Umeona, dada?" fundi akatabasamu. "Leo presha haipo kabisa."

Niligeuka kuchukua kipimo kingine. Nilipotazama tena, kiti kilikuwa kitupu, na mlango wetu, ambao hulia kila unapoguswa, haukuwa umelia.

Mama Bitiruti alichomoka mbio hadi kwa fundi, nami nikamfuata nyuma. Tulimkuta sakafuni kando ya cherehani, peku, futi shingoni, mdomo umepinda, akipumua kwa shida. Mkewe aliapa kwamba mumewe hakuwa ametoka nje tangu kupambazuke.

Tulimwahisha hospitali. Alipona, ingawa mkono wa kushoto ulibaki mzito, na dawa hajaacha tena hadi leo. Sauti iliporudi, neno lake la kwanza kwa Mama Bitiruti lilikuwa: "Nilikuona ukinipima. Mbona ulikuwa unatetemeka?"

Mama Bitiruti alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo kwa sauti mpaka akaridhika.

Dada yetu, asante kwa kukimbia siku ile badala ya kuuliza maswali. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, na kila mgeni atakayekuja kukujulia hali aje na mwili wake.