Mahema Kwenye Mkondo Mkavu

Ndani ya basi la kwenda kambini nilijifanya nasoma gazeti. Mbele yangu sajini mstaafu alikuwa akimwambia mama aliyekaa naye, "Afisa aanze kwanza kuwa kuruta, mama. Wetu alitoka chuoni moja kwa moja, akaamuru tupige mahema kwenye mkondo mkavu wa mto, eti ni tambarare. Nikamkatalia, akaniambia ninyamaze. Mvua ikanyesha milimani, maji yakashuka, vijana tisa wakaenda nayo. Yeye wakampandisha cheo."

Mama alikunja leso yake. "Mwanangu kawa luteni Ijumaa. Hajawahi kufua hata soksi zake."

"Basi mwambie awasikilize masajini."

"Nitamwambia. Lakini hata mimi hanisikilizi."

Basi likasimama. Getini askari walikuwa wamejipanga, wakisubiri amri ya luteni wao mpya.