Sentimita Tatu za Mama Springi

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, Mama Springi atavua ovaroli yake ya buluu kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia gereji yetu kwa miaka thelathini na tatu na miezi minne. Alikuwa hapa kabla ya paa hili kubwa la bati, kabla ya mashine ya kunyanyulia magari, na kabla ya wengi wetu kuzaliwa, pamoja na mimi ninayeandika haya. Mimi nimekaa meza ya mapokezi miezi minane tu. Mengi nimesimuliwa na mafundi, na pale walipobishana nilimuuliza mwenyewe.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na saba, kama mwosha spea. Alikaa na beseni la mafuta ya taa na brashi, akasafisha vyuma vilivyofunguliwa na wengine. Kila alipokirudisha chuma aliuliza kinakaa wapi na kinafanya nini. Wapo waliomjibu ili awaondokee. Mwaka ulipokwisha alikuwa anawakumbusha wao. Mwaka wa pili akapewa spana, na wa tatu akapewa gari lake la kwanza, peke yake.

Wateja walichelewa kuzoea. Mmoja alitembea gereji nzima akiuliza, "Fundi yuko wapi? Nataka fundi mwenyewe!" Sauti ikatoka chini ya gari: "Fundi ndiye huyo unayemkanyaga kidole." Mteja yule bado ni mteja wetu, na akiingia getini mpaka leo hutazama chini kwanza.

Jina la Mama Springi lilitokana na kazi yake. Kila kilichopo kati ya bodi na tairi ni chake: springi, shokapu, bushi. Hukandamiza bampa kwa kiganja, huachia, husikiliza, kisha hukuambia ni shokapu ipi imekufa na imekufa tangu lini. Mafundi wamejaribu mara nyingi kumkamata akikosea. Wamechoka.

Lakini alikosea mara moja, na kosa hilo hulisimulia yeye mwenyewe kwa kila fundi mpya. Katika mwaka wake wa tatu shemeji yake alitaka gari lake likae chini, na haraka. Mama Springi akachukua grainda, akakata springi duara moja na nusu kila upande. Gari likashuka, likapendeza. Kesho yake shemeji akaondoka nalo kwenda kwenye usaili wa kazi. Kwenye tuta la kwanza springi ikaruka kutoka mahali pake na tairi likaanza kula madigadi. Shemeji alifika kwenye usaili kwa miguu, matope hadi magotini. Kazi aliipata, bahati nzuri, ila mpaka leo akimwona shemejiye hunyanyua suruali kidogo, kama mtu anayevuka dimbwi. Tangu siku hiyo grainda yetu imeandikwa kwa rangi nyeupe: HII HAIGUSI SPRINGI. Rangi ikifutika, yeye huandika upya.

Hakuna kazi iliyompa sifa kama ile ya kuamua gari gani lishushwe na lipi liachwe. Wenye magari ya mbio huja kutoka mbali, wamebeba springi fupi zilizonunuliwa tayari, wakidhani wanakuja kufungiwa tu. Yeye kabla ya kugusa jeki huwauliza maswali matatu: unapita wapi, unabeba nani, na huyo unayembeba amesemaje. Kisha hukata kipande cha boksi gumu, hukifunga kwa kamba chini ya bampa, kikining'inia kwa kiasi kilekile ambacho gari lingeshuka, na kumwambia mteja akaishi nacho wiki moja. Boksi likirudi zima, wanaongea. Likirudi limechanika, wanaongea pia, lakini kuhusu jambo jingine.

Daktari mmoja wa meno, mwenye gari zuri la rangi ya fedha, alirudi baada ya siku mbili na kamba tupu. Boksi halikuonekana tena. Mama Springi akachuchumaa, akatazama, akasema, "Daktari, hapa meno ya chini yote yangekuwa yameng'oka." Daktari akacheka mpaka akashika ukuta. Springi zake alizirudisha dukani, na akatuletea wateja wengine wanne.

Asidhani mtu kwamba kazi yake ilikuwa kukataa. Yuko dada mmoja anayeshindana kwenye uwanja wa mbio, ambaye gari lake hubebwa juu ya lori na halikanyagi barabara ya kawaida. Huyo alikubaliwa kwa dakika kumi. Mama Springi alimfungia springi, akampigia alaimenti, yaani kunyoosha tairi zikae sawa, mara tatu mpaka akaridhika, na siku ya mashindano akaenda kutazama. Nasikia alipiga kelele mpaka sauti ikapotea, na Jumatatu alifanya kazi kwa ishara.

Mwenye gereji anakiri kwamba zamani aliogopa. Alidhani mama huyu angemfukuzia wateja wote. Leo ubao wa kazi umejaa mpaka wiki ijayo. Mafundi kumi na mmoja wamefundishwa na mikono yake, na wanne kati yao wana gereji zao. Na wote kumi na mmoja wanauliza maswali yale matatu.

Mwaka huu swali likamgeukia mwenyewe.

Miaka sita iliyopita alinunua gari jekundu la milango miwili, lenye turbo, lililokuwa limegongwa na kuachwa kwenye majani. Kila Jumamosi baada ya kazi alikuwa nyuma ya gereji akilifufua: kwanza bodi, kisha injini, kisha nyaya, ambazo anasema zilimtia mvi kuliko watoto wake. Tangu akiwa msichana alitaka kitu kimoja kwenye gari, likae chini, lishike barabara kama limegandishwa. Springi zake fupi, mpya kabisa, za kulishusha kwa sentimita tatu, zilikaa juu ya kabati la vifaa kwa miaka minne zikisubiri kustaafu kwake. Siku inayofuata kustaafu huko, Jumamosi, yeye na mumewe wataanza safari ya siku mbili kwenda kwa binti yao, safari waliyoiahirisha tangu binti huyo ahamie huko.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, na mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Anatembea vizuri. Kunyanyuka kutoka kwenye kiti cha chini ndiko kunakomsumbua.

Gereji nzima iliwekeana dau la soda: atazifunga, hatazifunga. Mama Springi alijipima kama anavyopima wengine. Alifunga boksi chini ya bampa lake mwenyewe, akaishi nalo wiki nzima, na likarudi zima, limekwaruzwa kona moja tu. Waliosema atazifunga wakaanza kuchagua soda. Jumatatu asubuhi tukakuta kadi ya kazi ubaoni, kwa mwandiko wake: "Springi fupi, gari jekundu. Zisifungwe. Sababu: abiria." Alipanda ngazi mwenyewe akarudisha springi juu ya kabati. Siku hiyo hakuna aliyedai soda.

Jumatano mumewe alikuja kumletea miwani aliyoisahau nyumbani. Ubao wetu unatazamana na kiti cha wageni, na mzee, kwa kukosa la kufanya, akausoma wote.

"Abiria gani huyu?" akauliza.

Mama Springi alitoka akijifuta mikono. "Ni wewe, mzee wangu."

"Mimi? Nani aliniuliza?"

"Nimekuona ukinyanyuka sebuleni."

"Aa, umeniona! Daktari wa meno umempa wiki nzima na boksi. Mimi mume wako umenipima kwa jicho?"

Mafundi waliojibanza nyuma ya mlango walishindwa kujizuia kucheka. Mama Springi alisimama na kitambaa chake mkononi. Swali lake la tatu, lile analouliza kila mteja, kwa gari lake mwenyewe hakuwa ameliuliza.

"Haya," akasema. "Njoo nikupime."

Alipanga mbao uani, moja juu ya nyingine, mpaka zikawa na kimo cha kiti cha gari lile jekundu kutoka ardhini. Mzee akakaa, akanyanyuka, mara kumi, kama yuko gwaride. Mkewe akaondoa ubao mmoja, wa sentimita tatu. Mzee akakaa, akanyanyuka. Mara ya pili vizuri. Mara ya tatu akashusha pumzi. Mara ya nne mkono ukatafuta meza ya vifaa. Mara ya tano hakunyanyuka; mkewe alimpa mkono, naye aliushika tu, akabaki amekaa. Hakuna aliyecheka.

"Basi," mzee akasema. "Kadi yako ni ya kweli. Ila sasa tumepima." Akatazama lile gari, kisha akatazama juu ya kabati. Nadhani alikuwa anaona aibu, si kwa nyonga yake, bali kwa zile springi. Akafanya mzaha ili kuimaliza hali ile: "Au niwekee mto, kama enzi za lori. Si unajua bila mto nilikuwa siuoni usukani."

Ni kweli kwamba mzee ni mfupi. Madereva wenzake walimwita Nusu Tiketi. Tukacheka wote, isipokuwa Mama Springi, ambaye alikuwa ameshachomoa futi yake mfukoni.

"Ingia ndani ya gari," akasema. "Kaa wima. Usijirefushe."

"Nitajirefushaje?"

Kutoka kichwani mwake hadi kwenye dari palikuwa na sentimita nane. Mama Springi alipima mara mbili, kisha akakaa kwenye kiti cha dereva akaanza kucheka peke yake. Gari lingeshuka tatu. Kiti cha abiria kingepanda tatu. Nyonga ya mzee isingejua kwamba kuna kilichobadilika.

"Maisha yangu yote," mzee akatutangazia, "leo ndiyo siku ya kwanza ufupi wangu kutakiwa mahali."

Mto haukutumika. Mama Springi anasema mto huteleza, na mtu anayeteleza chini ya mkanda hana mkanda. Alichongesha vipande vinne vya chuma vya kukaa chini ya kiti, akaagiza bolti mpya ndefu zenye nguvu zaidi ya zile za zamani, kisha akakifunga kiti mnyororo na kukivuta mpaka gari zima likasogea. Kiti hakikutikisika. Mkanda akaukagua kutoka mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo tu ndipo alipopanda ngazi kushusha springi.

Alhamisi iliyopita alizifunga kwa mikono yake, zote nne, akakataa msaada wa kila mtu. Alaimenti pia akaipiga mwenyewe. Gari lilipoteremshwa likatingishika mara moja, likatulia. Kati ya tairi na madigadi palibaki vidole viwili. Alirudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa uani, akachuchumaa, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kupangusa madigadi kwa mkono wa ovaroli, ingawa ilikuwa safi.

Mzee aliitwa. Alikaa na kunyanyuka mara kumi bila kugusa mlango, mafundi wakihesabu kwa sauti hata majirani wakachungulia. Ya kumi na moja alikaa, akavuta mlango, akafunga mkanda.

"Shuka kwanza," Mama Springi akamwambia. "Sijanawa hata mikono."

"Sishuki. Jumamosi za miaka sita nimebaki nyumbani kwa ajili ya gari hili. Leo sibaki."

Mama Springi akaingia na mikono yake vile vile. Mwenye gereji akakimbia kufungua geti mwenyewe. Pale kwenye mfereji wa kutokea, ambapo sote tulibana pumzi, alilipitisha kimshazari, tairi moja baada ya jingine, taratibu, na hatukusikia chuma kikigusa saruji. Tulichosikia ni mzee akicheka, na turbo ikipiga mluzi mpaka mwisho wa barabara.

Mama, tunakushukuru kwa miaka thelathini na tatu ya magari yaliyotulia barabarani na watu waliofika wakiwa wazima. Tunakushukuru kwa kila "hapana" uliyoieleza mpaka mteja akaondoka anacheka. Tunajivunia kusema kwamba tumefanya kazi na wewe, na wengine wetu tutalisema hilo tukiwa wazee.

Jumamosi alfajiri tutakuwa getini kuwaaga. Wewe na mzee mfike salama, mkae kwa binti yenu mpaka mchoke, na siku zenu zote za mbele ziwe za kutanua.