Jiwe Lililosimama Kwenye Shimo la Mti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Jiwe. Wafadhili wetu wa leo na wajukuu wa wafadhili wa jana. Wanafunzi wa uuguzi mliokuja na madaftari yenu. Wakwe zangu, ambao bado nawaonea haya. Wafanyakazi wenzangu wa bustani. Na wewe mume wangu, uliyesimama pale kwenye bomba kana kwamba hunijui: nawasalimu nyote kwa heshima.

Niseme tena? Mume wangu. Mnisamehe, neno hili nimekabidhiwa siku tisa tu zilizopita, na kila nikilitamka naona kama nimekabidhiwa upya.

Mimi ndiye ninayeandika vibao vya miti hapa. Ratiba inasema nitoe neno la shukrani kwa waasisi na wafadhili, dakika tano, kisha nikae. Nilikuwa nimeandika hotuba tamu ya kurasa mbili. Mama mkwe aliisikiliza jikoni akasema, "Mwanangu, hii itawaliza." Nimeiacha nyumbani. Juzi tulirudi kutoka fungate, tukaja moja kwa moja bustanini tukiwa tumeshikana mikono, na tukalikuta jiwe hili, hili lililofunikwa kitambaa chekundu mbele yenu, limesimama ndani ya shimo letu.

Naona wengine mnatazamana. Shimo gani tena? Basi nieleze.

Bustani hii ilianzishwa na daktari wa kwanza wa hospitali yetu. Siku moja aliwawekea wanafunzi wake majani mawili mezani, moja dawa, jingine sumu, akauliza lipi ni lipi. Darasa zima likakosea. Hakuwagombeza. Alitoka kutafuta ardhi, apande yote mawili, yakue mbele ya macho ya watu. Nani alimsikiliza? Matajiri wa wakati ule walikuwa na bustani zao nzuri ajabu, zenye kuta na mbwa. Aliyemsikiliza ni mjane mmoja mfua nguo, mwenye kiwanja cha kuanikia nyuma ya nyumba. Alimwambia, "Chukua, Daktari. Kamba zangu nitazifunga pembeni. Lakini lango lisifungwe mchana, na mtu asiulizwe amevaa nini." Ndugu zangu, ni nani kati yetu mwenye kiwanja kimoja tu, akakitoa?

Mti wa kwanza, mti wa dawa, waliupanda pamoja. Na katika daftari lake daktari aliandika kanuni ambayo hadi leo kila mtunza bustani hapa hufundishwa siku ya kwanza kazini: shimo lichimbwe mwaka mzima kabla ya mti. Litiwe samadi na majani makavu, lipinduliwe kila mwezi, liachwe linywe mvua mpaka lishibe. "Mgeni hupikiwa kabla hajafika," aliandika.

Mti ule ulianguka mwaka juzi kwa uzee. Katika mbegu zake zote, ikaota moja. Moja tu! Mume wangu akaulea mche ule kwenye ndoo, akachimba shimo mahali penye jua, na mwaka mzima tumelipindua pamoja, yeye upande ule, mimi upande huu. Wenzangu huchumbiwa hotelini. Mimi nilichumbiwa ndani ya shimo, samadi ikiwa magotini, na sijaona mwanamume mzuri kama yule aliyekuwa ameshika koleo mbele yangu.

Sasa, Kamati ya Jiwe. Mmekutana mara kumi na moja. Kikao kizima mlibishana kama yule mjane aandikwe "mfua nguo" au "mdau wa usafi". Mdau wa usafi, jamani! Kisha, juma lile tulipokuwa fungate, mkazunguka kutafuta mahali pa kusimamisha jiwe, mkakuta shimo zuri limeshachimbwa. Mkamshukuru Mungu, mkamimina zege.

Juzi nilimuuliza Mwenyekiti, "Baba, shimo hili mmelifanyaje?"

"Bibi harusi, tumewapunguzia kazi."

"Na samadi iliyokuwemo?"

"Uchafu ule? Tumeutoa wote, tukapasafisha."

"Na mche?"

"Si uko kwenye ndoo? Utapandwa mwakani. Haraka ya nini? Wewe ndiyo kwanza umeolewa!"

Mheshimiwa, itazame ndoo ile. Imepasuka. Mizizi imetokeza chini, inatafuta ardhi yenyewe. Majani ya chini yameshakuwa manjano. Mwakani tutakuwa tunapanda kijiti. Mjumbe mmoja akatushauri tuupande popote. Popote ni wapi? Kwenye kivuli cha ukuta, au kwenye kokoto? Mwaka mzima tumempikia mgeni, amefika mlangoni, nanyi mmemwaga chungu!

Jiwe hili lina majina ishirini na matatu. Kumi na saba ni ya wajumbe wa kamati. Sisemi yafutwe, hata kidogo. Nauliza tu: yule daktari na yule mjane wakiingia langoni sasa hivi, watatafuta nini kwanza, majina yao au mti wao?

Fundi aliyemimina zege yuko hapa, na nilimuuliza kama linang'oka. Akacheka. "Dada, walinihimiza mno, nikaweka kiduchu. Wanaume wanne na sururu, chai haijapoa." Samadi tuliikuta nyuma ya vyoo, tumeirudisha kwenye magunia. Jiwe halina mizizi, ndugu zangu. Tukiliegemeza pale langoni, litasomeka vilevile, na halitanyauka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla hujaivuta kamba ya kitambaa hicho, nakuomba mbele ya watu wote hawa. Tuokolee mti wa watu waliotufungulia lango. Ukikataa, nitakaa kimya, ratiba iendelee.

Unasemaje, Mheshimiwa? Wenzangu huku nyuma hawakusikia. Sururu?

Sururu iko chini ya kiti cha mama mkwe wangu, yuleyule aliyenionya asubuhi kwamba ndoa ya siku tisa haianzi na ugomvi. Mama, inua miguu kidogo, apite Mgeni Rasmi.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa naomba mikono.