Sauti Iliyokuwa Chini ya Wimbo

Benchi la pale nje ya duka la ushonaji limebonyea katikati kwa kukaliwa, na wenyewe huliacha katika hali hiyo hiyo. Asubuhi hiyo walikuwepo Sindano, fundi cherehani. Pancha wa matairi. Na Profesa, kinyozi asiyekosa jibu duniani. Masikio, fundi wa studio, alikuja na spika ndogo na wimbo mmoja wenye sura mbili. Sindano alikuwa ameurekodi kwa simu, nyumbani, na gitaa lake, kabla mkewe hajafariki. Redio ilikuwa imekubali kuupiga na iliutaka kabla ya mchana. Kilichobaki ni Sindano kuchagua: uende kama ulivyo, au uende ukiwa umepitishwa kwenye kompresa.

— Kompresa naijua mimi, Pancha alisema. Inajaza upepo.

— Hii yangu inabana sauti, Masikio akajibu. Sindano akipaza, inamkandamiza kidogo. Akitulia, inaachia. Halafu naupandisha wimbo mzima, na vilivyokuwa chini vinapanda navyo.

— Kama kupiga pasi, Sindano alisema.

— Hapo umenena.

Kahawa ikamiminwa. Ikapigwa ya kwanza: Sindano na gitaa, basi. Ikaja ya pili, benchi zima likakaa wima. Nyuzi zilikuwa karibu mno, hata ukucha ulisikika ukizigusa. Sindano wa kwenye spika akamaliza mstari, akavuta pumzi, na hapo hapo mwanamke akaitikia, taratibu, mdomo umefungwa.

Kahawa ilimmwagikia Sindano gotini. Hata hakuipangusa.

— Rudisha.

Masikio akarudisha. Kila Sindano aliponyamaza, mwanamke alikuja; Sindano alipopaza, mwanamke akazama.

— Humo umemtia nani?

— Sijatia mtu, kaka. Alikuwemo.

Pancha alivua kofia yake bila kujua kwa nini.

— Ni kuta hizo, Profesa alisema. Kuta zinanyonya sauti za wenye nyumba. Mashine imezikamua.

— Kuta wapi! Ni upepo. Pumzi ya mtu haiendi popote, inajibana tu mahali. Mimi nikifungua tairi la mwaka juzi, unaotoka ni upepo wa mwaka juzi.

— Basi Masikio abane zaidi, Profesa akasema, tuwasikie na mafundi walioijenga nyumba wakigombania nyundo!

Walicheka, lakini chini chini, kama watu wenye mtoto aliyelala chumba cha pili.

— Ni mke wangu, Sindano alisema. Miaka yote ananiambia wimbo huu unamkera. Anasema heri cherehani, angalau inashona.

— Kumbe!

— Kumbe aliujua wote.

Furaha ilimjaa mpaka ikamuuma. Alitamani kumwita kutoka ndani, kama vile bado yupo, amwambie amekamatwa leo, na aone atajitetea vipi.

— Basi mjadala umekwisha, Profesa akasema. Iende hii ya pili. Mji mzima umsikie shemeji!

— Umsikie! Pancha akaunga mkono.

Sindano akatikisa kichwa kukubali. Masikio akatoa simu ili atume.

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja aliyefuata gauni lake. Alikuwa amesikiliza tangu mwanzo.

— Samahanini jamani. Na yeye mwenyewe alitaka asikike?

Profesa akamgeukia Sindano. Pancha akachungulia kikombe chake. Masikio akabaki na kidole juu ya simu, akimtazama Sindano.

Sindano alimkumbuka mkewe jikoni. Aliimba akidhani yuko peke yake. Mtu akipita tu dirishani, kimya. Alikuwa mwepesi wa kunyamaza, yule.

— Tuma ya kwanza, alisema mwishowe.

— Una hakika, kaka?

— Sina. Tuma hiyo hiyo.

— Na hii ya pili?

— Hii ni ya nyumbani.

Wimbo ulikwenda redioni, Sindano na gitaa lake, basi. Yule mama akapewa gauni lake, lakini hakuondoka. Alisogezewa nafasi kwenye benchi, na wakaomba kuisikia ya pili mara moja tu. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeiulizia. Katikati ya wimbo, mwanamke akiwa ndiyo kwanza anaanza kuitikia, mtu wasiyemjua akatokea kwenye kona, anakuja upande wao. Sindano akanyoosha mkono, akapunguza sauti ya spika mpaka ikazima kabisa. Wote wakangoja yule mtu apite.

Alipopita, Sindano akaipandisha tena.