Ndoo ya Gereji Kisimani

Ingieni wote, kisha Lamya ufunge mlango. Dirisha liache wazi, nataka nimwone atakayesimama chini yake kutusikiliza, maana kuta za mtaa huu zimeota masikio tangu zilipopakwa msalaba mwekundu wa kubomolewa. Zayd, niinue kidogo. Faris, we ni mkubwa wao, keti pale ninapouona uso wako. Nasema haya nikiwa na akili zangu timamu, na maalim Shaabani huyu hapa ni shahidi, asije mtu kesho akadai mzee Majid alikuwa anaweweseka kwa homa.

Wanangu, nyumba hii aliijenga babu yenu alipofika Bujumbura kutoka Ujiji na marobota yake ya nguo, na kabla hajainua ukuta alichimba kisima, akasema duka ni letu, maji ni ya mtaa. Wakati wa vita, mabomba yalipokauka, watu walijaa uani hapa na vidumu vyao, na hatukumuuliza mtu kabila wala dini. Leo wamekuja watu wa komini, serikali ya hapa, na wa kampuni ya ujenzi, wanasema mtaa usafishwe, majumba ya zamani yalale chini, zisimame etaji, maghorofa. Mi sikatai usafi. Ule udongo wa nyuma, kwenye gereji ya Faris, uliokunywa oili chafu na asidi ya betri miaka yote, wauchimbe wauchukue hata leo, nitawashukuru. Lakini walisema wenyewe mbele yetu sote kwamba kisima kikiwa kizima, nyumba ya mbele itabaki pamoja nacho, na kikiwa na sumu, kila kitu kitaangushwa. Tangu hapo sina raha, kwa sababu dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu nimeyaona yakipita humu humu uani.

Asubuhi aliyokuja Adolphe, yule wa kupima maji, mi nilikuwa nimetawadha alfajiri kwa maji ya kisima, Zayd akinimiminia, na yalikuwa matamu kama siku zote. Jua halijapanda sana Adolphe akachota, ndoo ikatoka na utando wa mafuta, sote tukashika pua. Lamya ukalia. Na wewe Faris ukasema, maneno yako nayakumbuka, "Hii mayi inaua mutu, Baba, tuachane na hii nyumba." Nikaitazama ndoo. Ni mgonjwa, lakini macho yangu bado yanaona. Ndoo yetu ya kisima ni ya bati, Lamya anaisugua kwa mchanga kila Ijumaa. Aliyochotea Adolphe ilikuwa ya plastiki nyeusi, ile inayowekwa chini ya gari kupokea oili. Adolphe ni mgeni, hajui ndoo ipi ni ya kazi gani. Kakuta iliyofungwa kamba, kachota. Ya bati tulikuja kuikuta nyuma ya matairi, imefunikwa gunia, na ndoo haina miguu.

Sikumwona aliyezibadili, na sitamtaja mtu kwa jambo nisiloliona, dhana nyingine ni dhambi. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na haikupita wiki nikasikia kuna mtu wa humu kaahidiwa na kampuni nyumba Kibenga, inayotazama ziwa. Kama nimedhulumu mtu, Mungu anisamehe. Niliumia, wanangu, kuliko ninavyoumia na huu ugonjwa.

Sasa shikeni hili. Mtoto mkubwa ndiye humwagia baba yake maji ya mwisho. Ndivyo nilivyomfanyia baba yangu, kwa maji ya kisima hiki, nami nataka hayo hayo. Na maiti haoshwi kwa maji machafu, maalim anajua. Kwa hiyo Faris, siku hiyo utasimama mbele ya jamaa. Ukichota kisimani, umesema kisima ni kizima. Ukileta ya bomba, umesema baba yako na babu yako walikunywa sumu na kuwanywesha majirani. Mi sitakuwepo kukuuliza.

Koo limekauka... Apana, Lamya, hiyo chupa ya dukani iweke. Faris ndiye ataniletea, ya kisimani, kwa ndoo ya bati.

Mbona umesimama, mwanangu? Baba yako ana kiu.

Mwacheni aende, msimfuate... Mnasikia? Kapi la kisima linalia. Anachota.

Lete hapa. Faris, ulisema maji haya yanaua mtu, na umemletea baba yako kikombe kimejaa mpaka juu. Ama unaniua, ama ulisema uongo. Alhamdulillahi, ni uongo. Usilie. Utakwenda kwa Adolphe mwenyewe, umwambie kwa mdomo wako arudi apime kwa ndoo safi. Nanyi wengine msimsimange kwa hili, hata mkigombana. Duka na vyombo maalim atawagawia kwa sheria... kisima kisigawanywe, kiacheni cha mtaa...

Mungu awaweke pamoja... awape riziki ya halali, inayotosha. Radhi yangu mnayo, wote... na wewe Faris, unayo. Nishike kichwa sasa, ninywe.